Moto Alioufukia Tabutany

Sogeeni nyuma kidogo, tundu hili la mvuke likipumua halibagui mgeni na mwenyeji. Kaeni hapo, niwaeleze kwa nini mlima wetu umekosa kichwa, na kwa nini sisi wa huku juu tunakunywa maji yaliyokuwa mvuke. Mmeuliza wenyewe, kwa hiyo sitaki kumwona mtu akisinzia.

Ulikuwapo wakati ambapo mlima huu haukuwapo. Hapa palikuwa tambarare, malisho matupu, na kijito cha maji baridi kilipita katikati yake masika na kiangazi. Wakati huo watu walikuwa hawajajua kupekecha vijiti wakapata moto. Moto ulirithiwa. Msichana akiolewa, mama yake alimpa makaa katika chungu kilichovunjika mdomo, yamelazwa juu ya samadi kavu, naye aliyabeba njia nzima akiyapulizia mpaka kwa mumewe. Yakizimika njiani alirudi kwao kuomba tena, na mashemeji walikuwa na la kucheka mwaka mzima.

Tabutany aliolewa na Kimosop akiwa na moto wa namna hiyo, na moto wake haukuwahi kufa. Kila jioni aliyafukia makaa kwa majivu, si mengi yakazimika, si machache yakaungua yakaisha. Asubuhi aliyafukua yakiwa mekundu kama alivyoyaacha. Wake za majirani waliozembea walikuja mlangoni kwake na vigae, wakiomba kwa sauti za unyenyekevu, naye aliwapa. Hakuwa mchoyo. Ila alipenda waombe. Alipenda kusimama mlangoni akitazama kigae chenye makaa yake kikienda kuwasha jiko la mtu mwingine, na alipenda kusikia watu wakisema, "Huu ni moto wa Tabutany." Hakuwa na sifa nyingine, na hakuwahi kuona kwamba anahitaji nyingine.

Mke wa pili alimtafuta mwenyewe, na hilo msilisahau. Mgongo ulikuwa umeanza kumuuma kwa kubeba mitungi, akamwambia mumewe amtafutie mwenzake wa kusaidiana naye. Alitaka msichana mpole, mwenye mikono ya kazi na uso usio na habari nyingi. Kimosop akaenda kule ukingoni mwa bonde akarudi na Kobilo. Mikono ya kazi alikuwa nayo. Uso je? Tabutany aliutazama mara moja tu, akaingia ndani kukoroga uji ambao ulikuwa tayari umeiva.

Kobilo alitoka kwa watu wanaojua kuyaongoza maji. Kiangazi chake cha kwanza hapa, alikwenda kijitoni, akaitazama ardhi huku ameinamisha kichwa upande mmoja, akachukua jembe. Alichimba mfereji mwembamba, akaupitisha nyuma ya nyumba ya Tabutany, akauzungusha zizi, akaurudisha malishoni. Maji yakaja yenyewe. Wanawake waliozeeka na mtungi mgongoni walikuja kuyaona, wakatumbukiza miguu, wakapiga vigelegele. Siku hiyo hakuna aliyeomba moto. Jioni Tabutany aliyachota maji yale kwa kibuyu, akanywa, akayaona matamu, na utamu wenyewe ukamkera.

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Wivu haukumjia Tabutany kwa kishindo. Ulimjia kidogo kidogo, mpaka akawa hawezi kuona jambo bila kulipima. Kigoda cha Kimosop kilikuwa mlangoni kwa nani leo? Maziwa ya kibuyu yaliyosifiwa yalikuwa ya nani? Kobilo akicheka kule kwake, Tabutany alisimamisha kazi asikilize kama kuna sauti ya mwanamume ndani ya kile kicheko. Binti yake mkubwa, Chesang, alianza kwenda kuoga mferejini na kurudi akiimba nyimbo za huko ukingoni. Halafu siku moja mwanawe wa mwisho, Yator, alichomwa na mwiba. Akalia, akanyanyuka akichechemea, akampita mama yake aliyekuwa amekwisha nyoosha mikono, akaenda kwa Kobilo kutolewa mwiba.

Tabutany alirudisha mikono yake polepole. Moyo ulimuuma hasa. Hakumchukia mtoto, wala Kimosop, ambaye alikwisha mzoea. Alimchukia yule msichana, akachukia na ule upole wake, kwa sababu Kobilo hakuwahi kumjibu vibaya hata mara moja, akamnyima sababu ya kugombana naye.

Kitu kimoja kilimfariji. Desturi ya wakati huo ilikuwa kwamba mke mdogo hana moto wake. Kila jioni huja na kigae kwa mke mkubwa, apewe makaa ya kupikia, na asubuhi jiko lake huwa baridi. Kwa hiyo kila jioni, hata baada ya siku nzima ya sifa za mfereji, Kobilo alikuja na kusimama mlangoni.

"Mama Chesang, naomba moto."

"Subiri," Tabutany alimjibu kila mara, hata pale ambapo hapakuwa na cha kusubiri.

Lakini desturi hiyohiyo ilikuwa na upande wa pili. Mke mdogo akishikwa na uchungu wa kuzaa, mke mkubwa humpelekea moto wa kudumu kwa mkono wake mwenyewe, na tangu saa hiyo nyumba ile huhesabiwa kuwa nyumba. Mtoto akizaliwa penye jiko baridi, mama yake huonekana mgeni tu aliyekaa sana, na hurudishwa kwao pamoja na mwanawe. Basi tumbo la Kobilo lilipoanza kuonekana, Tabutany alielewa kinachokuja. Mji ungekuwa na mioto miwili. Watu wangekuwa na mlango wa pili wa kuomba, tena mlango wenye maji mbele yake na kicheko ndani yake. Nani angehangaika tena kuja kwake? Alilala na swali hilo, akaamka nalo.

Siku ya siku ilifika asubuhi ya manyunyu na ukungu, Kimosop akiwa mbali na ng'ombe. Chesang alikuja mbio, nywele zimelowa.

"Mama, Kogo Targok anasema ulete moto. Anasema mtoto hayuko mbali."

Targok ndiye aliyekuwa mkunga wa huku, na kila mtu alimwita kogo, yaani bibi, hata waliokuwa wakubwa kuliko yeye.

"Mwambie nakuja," Tabutany alisema.

Akachutama mbele ya jiko lake. Makaa yalikuwa mazuri asubuhi ile, kana kwamba yanajua yanakokwenda. Aliyatazama. Kisha akayasogeza mafiga yake matatu, akachimba shimo katikati ya jiko, akayashusha makaa yote humo, akarudishia udongo, akaushindilia kwa kisigino, akayarudisha mafiga juu yake. Aliwaza kwamba atayafukua Kobilo akishaondoka. Na hapo ndipo alipokosea, yeye aliyekuwa akifundisha wengine. Moto hulazwa kwa majivu, ukapata pa kupumulia. Ukiufukia kwa udongo unatafuta njia nyingine ya kutokea, na njia aliyouachia Tabutany ilikuwa moja tu, ya kwenda chini.

Alipochelewa, Targok alikuja mwenyewe, amejishika kiuno kwa haraka aliyokuwa nayo.

"Moto uko wapi?"

"Umezimika, Kogo."

"Umezimika? Huu wa mama yako?"

"Hata mimi nimeshangaa."

Targok aliinama akatia kidole katika majivu. "Yana moto bado."

"Ndiyo kwanza umekufa."

Mkunga alijipangusa kidole. Alikuwa amezalisha wake wenza wengi na hakuna alichokuwa hajakiona. "Tabutany," alisema, "yule binti ana baridi. Anatetemeka, na mtoto anakuja. Kwa majirani ni mbali, na kaa halivuki manyunyu haya likiwa hai. Kama kuna neno unataka kuniambia, niambie sasa."

"Sina neno."

Targok akaondoka bila kuaga. Hakuvuka hata uwanja kabla sakafu ya Tabutany haijaanza kufuka. Uzi wa moshi ulichomoza kati ya mafiga, kisha mwingine karibu na kitanda, na ardhi ikawa ya moto chini ya nyayo. Tabutany akashikwa na hofu kwamba moshi utamuumbua. Alinyakua jembe, akazunguka nyuma ya nyumba, akabomoa ukingo wa mfereji wa Kobilo. Maji yakaingia chini ya ukuta, yakatafuta ufa, yakazama pale jikoni kwa mlio mrefu. Moshi ukakatika. Moto wake na maji ya mwenzake, vitu viwili ambavyo hakutaka vikae katika mji mmoja, alikuwa amevifungia chumba kimoja chini ya ardhi.

Alisimama na jembe mkononi, akasikiliza. Alitegemea kusikia mtoto akilia. Akilia, atakuwa amezaliwa penye jiko baridi, na jambo litakuwa limekwisha. Alisikia wanawake wakinong'ona. Akasikia mmoja akisema kwa sauti, "Msugue, msugue mgongo!" Kilio hakikuja. Kikaja kimya cha aina ile ambayo mwanamke aliyezaa anaijua bila kuelezwa.

Tabutany alikuwa ametaka Kobilo aondoke. Alitaka kigoda, alitaka mlango wake uwe wa pekee, alitaka mengi ambayo haoni fahari kuyataja. Hili hakulitaka. Alirudi ndani mbio, akayasukuma mafiga, akaanza kufukua kwa vidole. Kaa hata moja halikuwapo. Palikuwa na tundu linaloshuka mpaka jicho linachoka, na kutoka humo ulipanda mvuke wa moto, mwingi, ukamlowesha uso na shingo. Moto haukurudi. Ilirudi pumzi yake tu.

Akakimbia mpaka kwa Kobilo. Mtoto alikuwa mikononi mwa Targok, amezungushiwa ngozi, midomo imekuwa ya rangi ya jivu. Alikuwa wa kiume. Wanawake walipomwona Tabutany walijipanga mbele ya kitanda bila kuambiwa.

"Nipe mtoto," alisema.

"Umpeleke wapi?" Targok aliuliza. "Umefanya ya kutosha."

Kobilo alijiinua kwa kiwiko. Uso wake haukuwa na upole wowote sasa, na Tabutany aliuona kwa mara ya kwanza kama uso wa mtu anayelingana naye. "Uliufukia," Kobilo alisema, akiutazama udongo uliomganda vidoleni.

"Niliufukia. Ukitaka kunitukana utanitukana baadaye, nitakaa chini nikusikilize. Joto liko kwangu, Kobilo, na sijui litakaa muda gani. Nipe mtoto."

Wanawake walisema asimpe. Mmoja alisema afadhali afe mikononi mwa wanaompenda. Kobilo alimtazama yule mwanamke ambaye kwa miezi mingi alikuwa akimngojesha mlangoni bila sababu. Alijua anachukiwa, si kweli kwamba hakujua. Kisha akamwambia Targok, "Mpe."

Hakuweza kusimama amfuate. Na wale wengine, sijui ni kwa hofu au kwa heshima ya neno la mzazi, hawakufuata pia. Tabutany akaingia nyumbani kwake peke yake na mtoto wa mwenzake.

Sasa hapa wasimulizi wengine hupita haraka. Mimi sipiti. Alipofika penye tundu alisimama, na wivu ukamsemesha kwa mara ya mwisho, kwa sauti ya upole kabisa. Ukamwambia kwamba hakuna anayeona. Ukamwambia kwamba mtoto amekwisha poa, hatadaiwa na mtu, na kesho mambo yatarudi kama yalivyokuwa kabla ya mfereji. Aliusikiliza. Alisimama pale akiusikiliza wakati ambao mtoto hakuwa nao wa kupoteza, na huo ndio ukweli wake.

Kisha akapiga magoti. Hakumshusha mtoto kwenye mvuke, maana ungembabua. Aliweka mikono yake mwenyewe juu ya tundu, chini, na mtoto juu ya mikono yake, ili joto lipite kwanza katika nyama yake. Ngozi ya mikono ikaanza kuvimba. Akauma mdomo. Akamgeuza mtoto mgongo, akamgeuza kifua, namna mtu anavyogeuza mkate asiuunguze, mpaka vile vidole vidogo vikakunjuka, mdomo ukafunguka, na kilio kikatoka, chembamba, cha hasira. Nyumba ya pili wakakisikia. Kobilo alikisikia akalala chali akafunika uso.

Wakati huohuo ardhi ikanguruma.

Tabutany alitoka na mtoto kifuani akipiga kelele watu wakimbie, na watu walikimbia, Kobilo akiwa amebebwa kwenye ngozi na wanawake wanne. Walipogeuka, tambarare ilikuwa inavimba. Nyumba ya Tabutany ilipanda juu pamoja na jiko lake, ikaendelea kupanda mpaka ikawa kilima, na kilima kikawa mlima, kwa sababu kule chini moto ulikuwa ukiyafukuza maji na maji yakiukemea moto, na hakuna kati yao aliyekubali kumpisha mwenzake. Mwisho mlima ukashindwa kuvumilia, ukapasuka kichwa. Mawe yaliyoyeyuka yakatiririka kama uji uliofurika chunguni, majivu yakafunika malisho yote, na mafiga matatu yakarushwa kila moja upande wake. Ndivyo vile vilima vitatu mnavyoviona vimelizunguka lile shimo kubwa. Chungu chake nacho kilivunjika vipande elfu, na vipande ndivyo mawe haya meusi yanayong'aa, yanayokata miguu ya watu wasiotazama wanakokanyaga. Kijito kilikauka siku hiyo. Hakijarudi.

Wakabaki bila moto na bila maji. Kimosop aliporudi na ng'ombe alikuta mlima mahali pa nyumba zake, akaketi chini. Watu walisema wahame. Lakini Kobilo hakuwa na nguvu za safari, na siku moja akiwa amelala karibu na mojawapo ya matundu ya mvuke yaliyofunguka mlimani, ili mtoto apate joto, aliona matone chini ya jani lililoinamia mvuke. Akalamba. Yalikuwa maji.

Alijua namna ya kuyaongoza, ila asingeweza kukaribia tundu, hakuzoea moto. Aliyezoea alikuwa mmoja tu, mwenye mikono iliyokwisha ungua. Basi Tabutany alijenga mawe na udongo juu ya tundu mvuke usipotee, akaacha mdomo mdogo. Kobilo akalaza mwanzi mrefu kutoka mdomo ule kwenda mteremkoni, mvuke ukapita ndani yake ukipoa, na upande wa chini yakadondoka maji safi, tone kwa tone, mpaka mtungi ukajaa. Mnavyotukuta tukifanya leo kwa mabomba ya chuma, ndivyo walivyofanya wao.

Mkitaka niwaambie kwamba walikumbatiana, tafuteni msimulizi mwingine. Tabutany hakupona wivu. Mpaka uzeeni alikuwa akitazama kigoda kiko wapi. Kobilo naye hakusahau ile asubuhi, na matusi aliyoahidiwa kusikilizwa aliyatoa yote, Tabutany akakaa chini akayasikiliza kama alivyosema. Walifanya kazi mmoja juu ya mwanzi, mwingine chini, na mara nyingi hawakusemezana.

Na tangu siku hiyo mlima huu una shimo mahali pa kichwa, na nyufa zake zinapumua. Siku hizi wamekuja watu wa mitambo, wamechimba visima virefu, wanaukamata mvuke kabla haujatoka na kuugeuza umeme. Wao wanasema kule chini kuna mwamba ulioyeyuka na maji yaliyonaswa. Sibishani nao; wamesema moto, wamesema maji, na sisi tulikuwa tunasema hivyohivyo. Usiku ukitazama bondeni unaona nyumba zote zinawaka taa kwa moto ambao mwanamke mmoja hakutaka uwashe jiko la pili.

Na tangu siku hiyo mtoto akizaliwa huku kwetu huletwa kwenye tundu apate joto, lakini haletwi na mama yake, wala na bibi yake, wala na shoga wa mama yake. Huulizwa kwanza: mzazi huyu amekosana na nani? Huyo ndiye huitwa. Awe mke mwenza, awe jirani, awe wifi, hukabidhiwa mtoto mikononi, na hapana ruhusa ya mtu kumfuata. Mama hubaki kitandani akisikiliza. Tundu liko mbali, ukungu ni mwingi, na hakuna anayejua yule mwanamke anawaza nini akiwa amepiga magoti pale peke yake na mtoto wa mtu asiyempenda. Anajua mwenyewe. Sisi tunachojua ni kwamba mpaka leo kila mtoto aliyepelekwa amerudishwa, na amerudishwa akiwa na joto.